Umepoteza pumzi au miguu? Mbinu za mita 800 na 1500 kwa anayerudi baada ya ugonjwa au jeraha

Vijana ninaowafundisha hapa Mwanza wote wameiona kwenye simu fainali ya mita 800 ya Olimpiki ya London 2012. David Rudisha wa Kenya anaongoza tangu mwanzo, mzunguko wa kwanza anaupiga kwa sekunde 49.28, anamaliza kwa dakika 1:40.91, rekodi ya dunia. Mimi huwataka waangalie ile ya mashindano ya dunia ya Beijing 2015. Rudisha alikuwa ametoka kwenye jeraha la goti lililomkosesha mashindano ya dunia ya 2013, na mwaka 2014 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Glasgow alikuwa amefungwa na Nijel Amos wa Botswana. Beijing aliongoza tena, ila kwa mwendo wa kusuasua: kengele ya mzunguko wa mwisho ililia kwenye sekunde 54.17. Akashinda kwa 1:45.84.

Sasa toa muda wa mzunguko wa kwanza. Mzunguko wa pili wa London ni sekunde 51.63. Wa Beijing ni 51.67. Tofauti ya karibu sekunde tano kati ya mbio hizo mbili imekaa yote kwenye mzunguko wa kwanza. Mimi naisoma hivi: aliujua mwili aliokuja nao siku ile, akaukimbiza huo, na ule wa 2012 akauacha London.

Hata hivyo, kumwiga kichwakichwa ni hatari. Rudisha aliweza kuwaburuza wenzake mbele kwa sababu walimwogopa, hakuna aliyethubutu kumpita mapema. Binti wa sekondari kutoka Magu akiongoza kwa kusuasua, watampita wanne kwa mpigo. Zaidi ya hapo, mbinu ya Beijing inamfaa mtu wa aina moja tu ya kurudi. Kabla ya kupanga lolote nataka kujua mkimbiaji amepoteza nini: pumzi au miguu.

Pumzi kwanza. Huku Kanda ya Ziwa kinachowaweka nje wakimbiaji wangu mara nyingi ni malaria. Vimelea vyake hupasua chembechembe nyekundu za damu, na hizo ndizo zinazobeba oksijeni. Dozi ikiisha na homa ikishuka, mtoto anasema amepona, na kweli kitandani ametoka, lakini damu hujijaza kwa wiki kadhaa. Wale wanaotoka vijiji vya mwambao nawataka wapime na kichocho, maana nacho hula damu taratibu na mwenyewe asijue kuwa anaumwa. Mkimbiaji akipungua kasi bila sababu, kabla sijamwita mvivu namvuta kope ya chini nitazame. Nikiona weupe, siku hiyo hakuna mazoezi, ni kituo cha afya kupima wingi wa damu.

Kinachowachanganya watu ni kwamba mkimbiaji huyu miguu yake huwa mizuri kuliko kawaida, imepumzika. Mpe mita 200, muda ni uleule wa zamani, na mzazi anapiga makofi. Lakini mita 200 hukimbiwa zaidi kwa nguvu isiyongoja oksijeni, ilhali 1500 sehemu kubwa inaitegemea. Kwa hiyo tatizo hujificha mizunguko miwili ya kwanza. Ninaye mmoja wa kidato cha tatu ambaye sihitaji hata saa kumjua: wa tatu ukianza mabega yanapanda kuelekea masikioni, mikono inaanza kukatiza kifua badala ya kwenda mbele na nyuma, kisha kidevu kinainuka. Kidevu kikiinuka, basi.

Huyo ndiye wa kupewa Beijing, kwa marekebisho. Asiongoze. Akae wa pili au wa tatu, begani mwa anayeongoza, aombe Mungu mbio ziwe za taratibu, na mtu akichomoka mita 500 kabla ya mwisho asimjibu. Mchomoko wake ni mmoja, wa mita 150 za mwisho. Wenzake wakiamua kwenda kasi tangu mwanzo, siku hiyo hana mbio, na namwambia hivyo mapema ili asijiue uwanjani.

Aliyepoteza miguu, tuseme kwa jeraha la muundi, ni kinyume chake. Mfupa ukipata ufa kwa kuchoshwa na mazoezi, mtu hakimbii wiki nyingi, lakini pumzi unaweza kuilinda. Daktari akiruhusu, namweka kwenye baiskeli hadi Kisesa na kurudi. Akiwa binti, namwomba mwalimu wa kike aulize habari za hedhi. Ikikatika kwa miezi, mara nyingi chakula hakilingani na mazoezi, na mifupa ndiyo inayolipa. Dagaa wa soko la Mwaloni wana kalsiamu nyingi kwa kuwa huliwa na mifupa yao, lakini sahani ikiwa ndogo hata dagaa hawasaidii. Hapo mazungumzo ni na nyumbani, na hayawi mepesi.

Mkimbiaji huyu anarudi na pumzi, ila mchomoko hana. Mbio za kusuasua kwake ni mtego: wote watafika mita 200 za mwisho wakiwa wabichi, naye ataachwa amesimama. Inabidi awachoshe mapema, asukume kuanzia mita 600 au 500 kabla ya mwisho, asiwape nafasi ya kuvuta pumzi. Hapa ndipo ninapomleta mzee wetu Filbert Bayi. Christchurch, Februari 1974, mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola: aliongoza tangu mlio wa bastola hadi utepe, rekodi ya dunia, 3:32.2. Nyuma yake John Walker wa New Zealand, mtu wa kumalizia kwa nguvu, naye aliivunja rekodi ya zamani siku hiyo na bado hakumfikia. Ila nawakumbusha na Olimpiki ya Moscow 1980, mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Bayi aliongoza vilevile, Malinowski wa Poland akamnasa mzunguko wa mwisho, ikabaki fedha. Kusukuma kutoka mbali kuna bei yake hata kwa fundi.

Kona nazo zina hesabu. Ukipiga kona ukiwa leni ya pili unaongeza takriban mita tatu na nusu. Mita 1500 zina kona saba, yaani karibu mita 25 za bure, na kwa msichana wa dakika 4:45 hizo ni zaidi ya sekunde nne. Basi kwenye kona jibane ndani, ukifika sehemu iliyonyooka toka nje kidogo usije ukafungiwa. Halafu kuna upepo, ambao makocha wa bara huusahau. Kwenye viwanja vya karibu na ziwa, mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu. Upande unaokupiga usoni jifiche nyuma ya mgongo wa mtu, wa kusukuma ni ule unaokupiga kisogoni.

Wiki moja kabla ya mashindano nampima hivi: mita 600 kwa kasi ya mbio, apumzike dakika mbili, kisha 200 kwa nguvu zote. Akifia kwenye mia ya mwisho ya zile 600, shida ni pumzi, anapangiwa Beijing. Akizimaliza 600 bila taabu na 200 zikawa nzito, shida ni miguu, anapangiwa Christchurch. Na vyote viwili vikigoma, jina lake nalitoa kwenye orodha, hata mwalimu mkuu anune.