Je, wajua kwa nini spidi ya simu huwa ndogo kuliko ya dashibodi?

Ukiwa njiani na ramani ya simu imewashwa, pembeni ya skrini huwa kuna namba ya spidi. Ilinganishe na mshale wa dashibodi: mshale unasema 100, simu inasema 95. Wengi huamua papo hapo kwamba simu ndiyo iliyokosea, kwa kuwa kipima mwendo kimeundwa pamoja na gari, ilhali simu imepachikwa tu pale kiooni. Mara nyingi ni kinyume. Simu ndiyo iliyo karibu na mwendo halisi, na dashibodi imezidisha makusudi.

Iko kanuni ya magari ya Umoja wa Mataifa, namba 39, ambayo nchi nyingi huifuata. Inataka kipima mwendo kisionyeshe kamwe spidi iliyo chini ya ile halisi. Kuzidisha kunaruhusiwa: asilimia 10 ya mwendo halisi, na kilomita 4 kwa saa juu ya hapo. Kwa hiyo gari linalokwenda 50 kweli laweza kuonyesha hadi 59, na linalokwenda 100 laweza kuonyesha hadi 114, bila kuvunja kanuni. Hicho ndicho kikomo. Tofauti tunayoiona barabarani kwa kawaida ni ndogo kuliko hiyo.

Lakini kwa nini lisitengenezwe la kuonyesha namba kamili tu? Kwa sababu gari haliijui barabara, linajua magurudumu yake. Huhesabu yanazunguka mara ngapi, kisha hukadiria umbali kwa ukubwa wa tairi, na ukubwa huo haukai mahali pamoja. Mifereji ya tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha milimita 8 hivi. Likichakaa hadi milimita 1.6, ambayo katika nchi nyingi ndiyo ukomo wa kisheria, kipenyo kimepungua karibu milimita 13, yaani kama asilimia 2. Sasa gurudumu linazunguka mara nyingi zaidi katika kilomita ileile, na mshale unapanda ingawa mwendo ni uleule. Tairi lenye upepo mdogo nalo huongeza tofauti kidogo. Mtengenezaji hawezi kujua utafunga tairi gani mwaka wa tatu au wa nne, basi anaweka akiba upande ulio salama. Kwangu mimi huo ni uamuzi wa busara sana.

Simu haina habari na tairi. Inasikiliza mawimbi ya setilaiti zilizo angani, zile za GPS zikiwa umbali wa kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini. Unapotembea, mawimbi hayo huifikia yakiwa yamebadilika kidogo, kama king'ora cha gari la wagonjwa kinavyobadilika sauti kikikupita, na kwa badiliko hilo simu hupata mwendo wako. Kwenye mwendo usiobadilika, mahali palipo wazi, hukosea kidogo mno. Ndani ya handaki au katikati ya majengo marefu hubabaika. Na ukifunga breki ghafla, namba yake huchelewa kushuka. Hapo mshale ndio wa kuaminiwa.

Ukitaka kupima, tafuta barabara iliyonyooka na tambarare, shika mwendo mmoja, na namba za simu azisome abiria. Usizisome wewe huku unaendesha.

Ninachoomba ni hiki: ukishagundua kwamba 100 yako ni 95, usiongeze mafuta kufidia. Nishati ya gari linalokwenda hupanda kwa mraba wa mwendo, hivyo kutoka 100 hadi 110 kazi ya breki kukusimamisha huongezeka kwa asilimia 21. Zile kilomita chache za akiba ndizo zinazokusitiri jicho likikawia kurudi kwenye mshale.

Tena akiba hiyo huisha kimyakimya mtu anapofunga tairi kubwa kuliko zilizokuja na gari. Kipenyo kikiongezeka kwa asilimia 5, mwendo wako halisi nao umezidi kwa asilimia 5 huku mshale umetulia palepale. Kwa hiyo ukiona simu ndiyo inayosoma juu ya dashibodi, na inafanya hivyo kila mara kwenye mwendo uliotulia, usilipuuze. Soma saizi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, kisha fungua mlango wa dereva utazame kibandiko cha saizi na upepo, ambacho mara nyingi huwa kwenye nguzo ya mlango. Zikitofautiana, mwonyeshe fundi kabla ya safari ndefu. Zikiwa sawa na bado simu iko juu, mwambie akague kipima mwendo chenyewe.