Je, wajua kwa nini manjano ya jikoni hayatoshi kushusha sukari?

Pika mchuzi wa sato, utie manjano, kisha uache sufuria itulie. Utaona mafuta yanayoelea juu yamekolea rangi kuliko mchuzi wa chini. Mafuta hayo yanasaidia kujibu swali ambalo watu wa Mwanza wenye mgonjwa wa sukari nyumbani wana haki ya kuliuliza: kama manjano ni dawa, mbona tunayala na bado tunaugua?

Kinachotia rangi ni kukumini, kemikali iliyomo kwenye manjano. Huyeyuka kwenye mafuta, kwenye maji hukataa. Ukiila, utumbo hunyonya kidogo sana, na hicho kidogo nacho hubadilishwa haraka na utumbo wenyewe pamoja na ini. Kinachofika kwenye damu kikiwa kizima ni kiduchu mno.

Hata hivyo watafiti hawajaiacha, na wana sababu. Katika kisukari aina ya pili, kwa kawaida insulini, homoni inayoiambia seli ipokee sukari kutoka kwenye damu, huwa bado ipo, ila seli haziitikii vizuri. Mara nyingi kuna pia uvimbe wa chinichini, usiouma, kwenye mafuta ya tumboni na kwenye ini, unaozidi kuziba masikio ya seli. Maabara imeonyesha kukumini ikituliza uvimbe huo, na ikiamsha kimeng'enya kinachoiambia seli itumie sukari. Metfomini, dawa wanayoanzishiwa wagonjwa wengi, nayo hukiamsha kimeng'enya hichohicho.

Mwaka 2012 watafiti wa Thailand walitoa matokeo ya watu 240 ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufikia kisukari. Kundi moja lilimeza vidonge vya kukumini kwa miezi 9, jingine vidonge visivyo na dawa. Kwenye kundi la pili, asilimia 16.4 walipata kisukari. Kwenye la kukumini, hakuna hata mmoja. Matokeo mazuri kiasi hicho yanatia moyo, lakini kwangu mimi hayawi tiba mpaka yarudiwe na watafiti wengine, kwa watu wengi zaidi.

Tena angalia kipimo. Walimeza takriban gramu 1.5 kwa siku. Unga wa manjano una kukumini kama asilimia 3 hivi, kwa hiyo kijiko cha chai chenye gramu 3 hakifikishi hata gramu 0.1. Ungehitaji vijiko zaidi ya 15 kila siku, na hakuna mchuzi unaoweza kubeba kiasi hicho.

Wengine huongeza pilipili manga, na kweli inasaidia: utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kemikali yake, piperini, iliongeza mara 20 kukumini iliyoingia kwenye damu. Lakini piperini hufanya hivyo kwa kuuzuia mwili usiivunje kukumini, na inaweza kuzuia vivyo hivyo dawa nyingine unazomeza.

Manjano ya kwenye samaki yaendelee kuliwa, ni chakula kizuri. Ninachohofia ni mgonjwa kuacha metfomini akashika vidonge vya manjano vya dukani. Italia, mwaka 2019, iliripoti watu waliougua ini baada ya kutumia vidonge vya aina hiyo. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, au glibenklamidi, dawa ya kisukari ambayo yenyewe huweza kushusha sukari kupita kiasi, amwambie daktari wake kabla hajameza hata kimoja.