Jua Linapowahi Kuzama: Malengo ya Afya kwa Waswahili Tulioko Uingereza

Aliyekulia Tanga au Mombasa amezoea jua lenye adabu. Linachomoza saa kumi na mbili, linazama saa kumi na mbili, na mwaka mzima likisogea halisogei sana. Hata saa zetu tunazihesabu kwa jua hilo. Hapa Uingereza, Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma kwa saa moja, na jioni hiyo hiyo jua la London huzama kabla ya saa kumi na moja. Katikati ya Desemba halifiki hata saa kumi. Majira haya huitwa vuli, ingawa vuli yetu sisi ni ya mvua, hii yao ni ya majani kupukutika.

Septemba ndiyo watu hutuambia, "Mwaka huu nitatembea kila jioni nikitoka kazini." Wiki za kwanza mambo huenda. Kisha saa zinarudishwa, mtu anatoka kazini gizani, manyunyu yanamsubiri mlangoni, na viatu vya mazoezi vinahamia chini ya kitanda. Huyo si mvivu. Lengo lake alilifunga kwenye mwanga wa jioni, na mwanga ukaondoka.

Lifunge kwenye tendo ambalo huliachi, kunyeshe kusinyeshe. Ukishamwacha mtoto shuleni, zunguka mtaa dakika 20 kabla ya kurudi nyumbani. Kwa anayeswali, adhuhuri inafaa kuliko magharibi: Desemba huingia saa sita hivi, mwanga ukiwa bado upo, lakini magharibi huingia ungali kazini, na Juni huingia baada ya saa tatu usiku. Kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki. Ukianza na 60 umeanza.

Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akijijengea zoea moja jipya. Kwa wastani zoea lilichukua siku 66 kukomaa. Walikuwepo wa siku 18, na makadirio ya wengine yalifika siku 254. Zile "siku 21" za kujenga zoea zinazosambazwa kwenye WhatsApp zisikukatishe tamaa ukiona ya 22 bado unajisukuma. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Ukianza tarehe 1 Oktoba, siku ya 66 ni 5 Desemba.

Chagua jambo moja. Mimi ningeanzia kwenye kikombe, kwa sababu baridi ikiingia chai huongezeka na hakuna anayeihesabu. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kimoja, ni vijiko 12, karibu gramu 48. Kiwango cha juu kwa mtu mzima hapa ni gramu 30 kwa siku, na hapo bado hatujagusa maandazi. Punguza nusu kijiko kwa kila kikombe, kaa hapo wiki mbili, kisha punguza tena. Tangawizi na iliki zibaki. Hizo hazina kesi.

Jambo jepesi zaidi ni vitamini D. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la huku halitoshi kuitengeneza mwilini, kwa hiyo NHS, huduma ya afya ya umma ya hapa, hushauri kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku. Wenye ngozi nyeusi kama sisi, na wanaojifunika wakitoka nje, washauriwa waifikirie mwaka mzima. Kidonge kikae karibu na mswaki. Usimeze viwili ukidhani utapona haraka, na kama una tatizo la figo, muulize daktari kwanza.

Chanjo ya mafua nayo ina majira yake. Wajawazito, wenye miaka 65 na zaidi, na wenye maradhi kama kisukari huipata bure. Na kwa waliopo England wenye miaka 40 hadi 74, wasio na kisukari wala ugonjwa wa moyo, kuna kipimo cha afya cha bure kila baada ya miaka mitano: presha, kolesteroli, uzito. Barua ya kualikwa wengi huiweka juu ya friji pamoja na bili. Kama yako ipo hapo, piga simu kwenye kituo chako cha afya; na kama Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani unapoweka miadi, hulipi.