Kipaimara, Harusi na Mikopo ya Sherehe: Ufafanuzi kwa Washarika Kuelekea Mwisho wa Mwaka

Tangu waraka wa baraza la wazee wa usharika wetu wa Kilutheri kuhusu sherehe za kipaimara na harusi usomwe ibadani, ofisi ya uwakili wa Kikristo (usimamizi wa mali na matoleo, si ya mawakili wa mahakamani) hapa Moshi imepokea maswali mengi, na sehemu kubwa ya maswali hayo inaonyesha kwamba waraka ulisikilizwa nusu. Wapo waliosikia kwamba Kanisa limepiga marufuku karamu, na wapo waliosikia kwamba mzazi atakayekodi mpambaji atawekwa chini ya nidhamu ya usharika. Maneno hayo hayamo. Waraka unasema mambo matatu: kwamba kadi za michango hazitagawiwa wala kutangazwa ndani ya eneo la kanisa, kwamba wapiga picha watafanya kazi kwa kibali, wakiwa mahali watakapoelekezwa, na kwamba chama cha akiba na mikopo cha usharika hakitatoa tena mkopo kwa ajili ya sherehe. Kwa kuwa msimu wa Novemba na Desemba uko karibu, ni vyema sababu na taratibu zikaelezwa mapema, ili asiwepo atakayesema siku ya tukio kwamba hakuambiwa.

Tuanze na sababu. Mkristo wa kwetu akiambiwa asiifuatishe namna ya dunia hii, kama Paulo anavyoandika katika Warumi 12:2, mawazo yake hukimbilia kwenye Bongo Fleva, suruali za kubana na nywele za vijana, na semina zetu hurudia orodha hiyo kila mwaka. Ofisi hii haisemi kwamba nyimbo hazina madhara. Baadhi yake humdhalilisha mwanamke waziwazi, na mzazi ana haki ya kuzizima. Lakini Paulo hakuwaandikia vijana peke yao, na utamaduni wa kisasa wa burudani na manunuzi hauingii nyumbani kwa njia ya spika tu. Huingia kwa njia ya kipimo ambacho watu wazima, wenye heshima zao, wamekubaliana kwamba kisipofikiwa sherehe haijawa sherehe. Mzee anayemkemea kijana asubuhi kwa sababu ya wimbo ulio katika simu yake, kisha jioni akaketi kikaoni na kupitisha bajeti ya zulia jekundu, keki ya ngazi saba na kamera ya kurushwa angani, hajajihadhari na kitu chochote.

Zamani kipimo hicho kiliwekwa na ukoo pamoja na majirani. Mbege (pombe ya ndizi) ikitosha, ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) ikakatwa kwa utaratibu na kila mzee akapata sehemu yake, mwenye shughuli alikuwa amemaliza kazi. Siku hizi huwekwa na simu. Harusi ya msanii wa Dar es Salaam huonekana usiku huohuo Marangu na Kibosho. Baada ya muda mfupi mpambaji wa mjini huwa na picha za ukumbi unaofanana na ule, mzazi huchagua picha, na bei hufuata picha badala ya kufuata mfuko wake. Mshereheshaji, mpishi, mshona sare na mpiga video hupangwa kwa kiwango hichohicho. Hakuna mwizi kati yao. Ni watu wanaojitafutia riziki kwa halali, wengi wao washarika wetu, na waraka haukuandikwa dhidi yao. Tatizo ni fundisho linalotolewa na shughuli nzima bila mtu yeyote kulitamka, kwamba mtoto aliyebarikiwa kisha akarudi nyumbani kula pilau na majirani ameonewa. Mtoto huyohuyo amefundishwa Katekisimo Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529, na amekariri amri ya tisa na ya kumi, ambazo kwa hesabu yetu Walutheri zote mbili zinakataza kutamani cha jirani. Asubuhi anazisema mbele ya usharika. Saa nane mchana anawaona wazazi wake wakizivunja kwa heshima yake.

Jambo la kadi linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu hapo ndipo tunapolaumiwa kwamba tunaua desturi ya kuchangiana. Kuchangiana hakujaguswa. Watu waliotoka kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, kufungua mfereji au kutengeneza barabara hawakupewa kadi yenye kiwango. Kadi ya siku hizi ina kiasi cha mtu mmoja na kiasi cha watu wawili, hufuatwa na ujumbe wa kukumbusha ahadi, kisha huingizwa kwenye daftari ambalo familia hulitunza ili, zamu ikifika, ijulikane nani alitoa ngapi. Asiyefikia kiwango hapati nafasi ukumbini, hata akiwa ndiye aliyemlea bwana harusi. Katika Luka 14:12-14, Yesu anamwambia mwenyeji wake kwamba afanyapo karamu asiwaite rafiki, ndugu, jamaa wala majirani wenye mali, wasije nao wakamwalika akapata malipo. Awaite maskini, vilema, viwete na vipofu, kwa kuwa hao hawana cha kumlipa. Daftari la michango limepangwa kinyume cha maneno hayo, mstari kwa mstari. Paulo naye, katika 1 Wakorintho 11:22, anawauliza watu wanaoshiba huku wenzao wana njaa kama wanataka kuwatahayarisha wasio na kitu, na shangazi aliyerudishwa mlangoni kwa kukosa kadi anaweza kuwajibia.

Kwa hiyo, kuanzia sasa, kadi hazitagawiwa kanisani, kwenye ngazi za kanisa, wala kwenye maegesho. Atakayekutwa akizigawa mara ya kwanza ataombwa na mzee wa zamu azikusanye. Mara ya pili zitachukuliwa na kukabidhiwa kwa mwenyekiti wa kamati ya sherehe husika kwa kusaini. Mara ya tatu kamati hiyo haitapangishwa ukumbi wa usharika kwa msimu huo, na amana iliyolipwa itarejeshwa baada ya kukatwa gharama za maandalizi. Nje ya uzio wa kanisa kamati zina uhuru wao. Baraza halina mamlaka juu ya vikao vya familia, wala halikusudii kuyatafuta.

Hoja ambayo tunaletewa karibu kila siku, na ambayo kwa kweli imeanza kutuchosha, ni ya harusi ya Kana. Tunaambiwa kwamba Yesu mwenyewe alitengeneza divai, na nyingi. Ni kweli. Yohana 2:6 inataja mabalasi (mitungi mikubwa) sita ya mawe, kila moja likipokea nzio mbili au tatu, kipimo cha zamani, na kwa makadirio ya kawaida jumla yake ni zaidi ya lita 450, kiasi ambacho hata kamati zetu hazijathubutu kukiweka kwenye bajeti. Anayedai kwamba Injili inapinga furaha hajaisoma sura hiyo. Lakini wanaoinukuu huishia kwenye divai. Wasome na yanayofuata: mwenyeji aliishiwa, aibu yake ikasitiriwa kimyakimya, na mkuu wa meza hakujua ilikotoka ile divai, waliojua ni watumishi walioteka maji. Hakuna jina la mchangiaji lililosomwa kwa kipaza sauti. Sherehe zetu zimefika mahali ambapo kumsitiri mwenye shughuli aliyepungukiwa kumekuwa jambo gumu kuliko kumkopesha.

Sasa mikopo. Biblia haisemi kwamba kukopa ni dhambi, na ofisi hii haijawahi kusema hivyo, ingawa tumenukuliwa hivyo. Mithali 22:7 inasema kwamba akopaye ni mtumwa wake akopeshaye. Linalobaki kwa Mkristo ni kujiuliza anaingia katika utumwa huo kwa ajili ya nini. Aliyekopa kununua ng'ombe wa maziwa ana kitu kitakachomsaidia kurejesha. Aliyekopa kwa ajili ya ukumbi hana chochote mkononi kufikia usiku wa manane, na rejesho la kwanza linamsubiri mwisho wa mwezi. Mkoa uliozaa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, mwaka 1933 haupaswi kufundishwa hesabu hii na mtu wa nje.

Mwombaji wa mkopo katika chama chetu atajaza fomu inayoeleza matumizi, ataambatisha ankara ya shule, makisio ya fundi au hati nyingine inayolingana na maombi yake, ataleta wadhamini wawili ambao akiba zao hazijafungwa na mkopo mwingine, na mwenzi wake wa ndoa atasaini mbele ya afisa mikopo. Saini iliyoletwa kutoka nyumbani haitapokelewa. Ndani ya siku 30 baada ya kupokea fedha, mkopaji atawasilisha stakabadhi. Ikibainika kwamba fedha za ada zimelipia mapambo, na hilo hutokea, mkopo wote utadaiwa kwa mkupuo, mkopaji hataruhusiwa kuomba tena kwa miezi 12, na mjumbe wa kamati ya mikopo aliyejua akanyamaza atafikishwa mbele ya mkutano mkuu. Wanaodhani kwamba kubadili neno "harusi" kuwa "dharura" kunatosha wanaombwa waache kutupotezea muda.

Wadhamini ndio waliolalamika zaidi mwaka huu, na wengi wao waliamini kwamba mdhamini ni shahidi tu. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mdhamini huwajibika kwa kiwango kilekile cha mkopaji, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Mkopaji akichelewa hupewa barua ya kwanza, kisha ya pili yenye nakala kwa wadhamini; zikishindikana hukatwa akiba yake, na baki huchukuliwa kwenye akiba za wadhamini. Mithali 22:26-27 ilikwisha kumwonya mtu anayeweka dhamana bila uwezo wa kulipa, kwamba huenda akaondolewa hata kitanda anacholalia. Kwa hiyo anayesaini kwa sababu ameona haya kumkatalia mwenyekiti wa kamati ya harusi, ajue kwamba haya hiyo ina bei.

Tunafahamu kwamba kufungwa kwa mlango wetu kunaweza kuwasukuma baadhi ya watu kwa wakopeshaji wa nje, wale ambao mtaani huitwa kausha damu. Ofisi haina mamlaka ya kumzuia mtu mzima, lakini ina wajibu wa kumweleza. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawagawa watoa huduma katika madaraja manne, na mkopeshaji binafsi au kampuni isiyopokea amana huwa daraja la pili, lenye kuhitaji leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Kiwango cha juu cha riba kwa daraja hilo ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa shilingi 500,000, hiyo ni shilingi 17,500 kwa mwezi. Anayetoza asilimia 20 anachukua shilingi 100,000 kila mwezi, na baada ya miezi sita mkopaji amelipa riba ya shilingi 600,000 huku deni lenyewe likiwa halijaguswa. Wanaokopa kwa simu wakumbuke kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Baadhi ya wakopeshaji wa namna hiyo huchukua orodha ya namba zilizo katika simu na kuwatumia watu ujumbe wa kumwaibisha mdaiwa, na wachungaji wetu wamekwisha kuupokea. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na aliyetendewa hivyo anaweza kulalamika.

Mambo mawili zaidi tumeyaona katika mikataba inayoletwa hapa. La kwanza ni kadi ya benki kuachwa kwa mkopeshaji pamoja na namba ya siri, jambo linalovunja masharti ya benki ya mkopaji mwenyewe. Kitabu cha Kutoka 22:26-27 kilimtaka hata aliyechukua vazi la maskini kuwa rehani alirudishe kabla jua halijatua. La pili ni hati ya mauzo ya kihamba (shamba la ukoo lenye makazi) iliyosainiwa na kuachwa bila tarehe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo mke ambaye hakusaini asikubali kuambiwa kwamba mambo yamekwisha.

Kwa wanaopanga harusi, sheria hiyohiyo inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla. Kamati nyingi huchapisha kadi kwanza, hulipa ukumbi, kisha ndipo huja ofisini kuulizia tarehe. Pingamizi likitokea, hakuna mpambaji atakayerudisha malipo ya awali, na ofisi haitafupisha siku hizo kwa mtu yeyote, awe na kamati kubwa kiasi gani. Wapiga picha wawasilishe majina yao siku saba kabla ya ibada, watapewa kitambulisho cha siku hiyo, na hawatapita mstari wa kwanza wa viti wakati wa maungamo, mahubiri na kuwekewa mikono; atakayepita atatolewa na mzee wa zamu, na mzazi aliyemkodi hatadai fidia kwa usharika.

Waliokwisha kusaini mikopo ya sherehe katika chama chetu kabla ya waraka kusomwa hawataguswa na utaratibu mpya; wataendelea kwa masharti waliyosaini. Wenye mikataba ya wakopeshaji wa nje ambayo hawaielewi wanaweza kuileta ofisi ya uwakili Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, wakiwa na nakala ya mkataba na kumbukumbu za malipo yote waliyofanya. Ofisi itawasomea na kuwaeleza, bila kuwawakilisha mahakamani. Malalamiko dhidi ya mkopeshaji mwenye leseni huanza kwa barua kwa mkopeshaji mwenyewe, kisha hupelekwa Benki Kuu, ambayo tawi lake la karibu nasi liko Arusha. Wasio na nakala ya mkataba waidai kwanza kwa mkopeshaji, kwa maandishi, na kubaki na nakala ya barua hiyo.