Je, wajua kwa nini amplifaya ya gita ya wati 30 haipigi mara mbili ya ile ya wati 15?

Swali limetoka kwa dogo mmoja anayepiga gita la solo kwenye kwaya hapa Tanga, kajichanga weee mpaka kapata hela ya amplifaya ya bei ya kati, yaani sio vile vidude vya kujifunzia vya wati 10 na sio yale madude ya kichwa na kabati la spika nne. Sasa kakwama kwenye mbili: Fender Blues Junior used, ya valvu (zile taa za kioo za kizamani zinazokuza sauti), wati 15, na Boss Katana mpya, wati 50, ya transista. Hesabu yake ni fupi tu, 50 si kubwa kuliko 15 jamani, kuna la kujadili hapo? Mimi nasema achukue hiyo ya 50, ila sababu anayoitoa yeye siyo.

Tuanze na sikio. Sikio halihesabu wati kwa kujumlisha. Ukitoka wati 15 ukaenda 30 sauti inapanda desibeli 3 tu (desibeli ndio kipimo cha ukubwa wa sauti), utaisikia ndio, lakini aliyekaa benchi la nyuma hata hageuki. Ili mtu aseme sasa hii ni kubwa mara mbili inabidi iongezeke kama desibeli 10, na desibeli 10 maana yake wati mara kumi, kwa hiyo mwenye wati 15 akitaka kupiga mara mbili anatafuta wati 150, na hiyo sio bei ya kati tena.

Alafu kuna spika, ambayo watu wengi wakienda kununua hata hawaiulizi. Kila spika ya gita ina namba yake ya desibeli, inapimwa kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Zipo za 97, zipo za 100, Celestion Vintage 30 kwa mfano ni 100. Hiyo tofauti ya 3 ni sawa kabisa na kuzidisha wati mara mbili bila kulipia wati hata moja! Ndo maana utakuta amplifaya ndogo yenye spika nzuri ya inchi 12 inamfunika mwenye wati nyingi kwenye kaspika ka inchi 8.

Sasa kama wati haziongezi sauti sana zinafanya nini? Zinalinda usafi. Ukichapa waya wa gita, ule mshindo wa kwanza ni mkubwa sana kuliko mlio unaofuatia, na amplifaya inatakiwa iubebe wote. Ikishindwa inakata kilele cha sauti. Transista inakata ghafla, sauti inachanika na inaumiza. Valvu inakibana kile kilele taratibu kabla ya kukata, sauti inanenepa, inapata kaukorofi fulani katamu ambako watu wa blues na rock wanakalipia hela nyingi. Na hapo hapo ndipo ile hadithi ya kwamba wati za valvu ni nzito kuliko za transista inapotokea: wati ni ile ile, ila ya valvu unaweza kuisukuma ikapita uwezo wake na bado ikasikika vizuri, ya transista unalazimika kubaki chini ya mstari.

Kwa hiyo swali sio kubwa ni ipi, swali ni unapiga nini. Na hapa naomba tuwe wakweli, mapitio mengi ya amplifaya tunayoangalia YouTube yanafanywa na watu wa rock, kwao amplifaya nzuri ni ile inayonguruma mapema. Gita la huku kwetu halikukulia huko. Mji huu ni wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na ni huku huku Black Star Musical Club waliingiza gita la umeme kwenye taarabu. Solo safi, kali, kila noti inadondoka peke yake, na chini yake ridhim inasuka bila kukwaruza. Ukimweka Blues Junior pembeni ya drams na besi alafu ukamdai usafi huo, ataanza kunguruma wimbo wa kwanza haujafika kiitikio. Wati 50 za transista zitakuvumilia. Hata Roland JC-120, iliyotoka 1975 na mpaka leo inasifiwa duniani kwa usafi, ni ya transista. Angekuwa ananunua ya kupigia blues chumbani ningemwambia achukue valvu bila kufikiri mara mbili.

Kingine, kwaya ina miksa na spika kubwa za ukumbi. Spika ya gita inaishia kwenye hezi 5,000 hivi, inachuja ule ukali wa juu, ndo maana ukichomeka pedali ya distoshen (ile ya kukwaruzisha sauti) moja kwa moja kwenye miksa inalia kama mbu sikioni. Katana ina tundu la kurekodia ambalo tayari limeigiza spika, unavuta waya kutoka pale kwenda kwenye miksa, na hapo sauti ya ukumbi sio kazi ya amplifaya yako tena.

Ukienda kujaribu nenda na gita lako mwenyewe, acha la dukani. Usijaribu kwa sauti ya chini, kila amplifaya ni tamu kwa sauti ya chini, omba ruhusa uipandishe mpaka unapopigia kweli alafu chapa ridhim kwa nguvu na usikilize waya mnene kama unabaki imara au unakuwa uji. Iweke juu ya kreti ya soda au iegemeze itazame kichwa chako, maana sauti kali inatoka mbele ya spika moja kwa moja, ukiiacha sakafuni wewe inakupiga magotini unaongeza trebo, huku waliokaa mbele wanaziba masikio.

Za used zungusha kila nobu, zikikwaruza ni vumbi au kutu, na kwa hewa hii ya chumvi kutu haikosekani, ila kwenye nobu fundi anasafisha tu. Angalia maandishi ya umeme kwa nyuma. Zilizotoka Japani ni volti 100, sisi ni 230, ukichomeka bila transfoma umeiua siku hiyo hiyo. Na ukikuta plagi imekatwa pini ya ethi kisa muuzaji alitaka isivume, ethi irudishwe kabla hujaigusa, kwa sababu siku utakayoshika gita alafu midomo ikagusa maiki unaweza kupigwa shoti ya kuua.