Kifurushi si chako, lakini mkusanyaji ni wewe

Ukikaa na watengenezaji wa gemu wa Arusha, iwe Sakina au Njiro, mazungumzo yakifika kwenye takwimu za wachezaji utasikia maneno yaleyale. Mengi nimeyasema mwenyewe, tena kwa kujiamini, kabla gemu yangu ya konda wa kifodi haijaniumbua. Kazi ya mchezaji ni kukusanya nauli kutoka Kijenge hadi Mnara wa Saa bila kumpitiliza abiria kituo. Niliingiza kifurushi cha takwimu, kile tunachokiita SDK, yaani msimbo wa kampuni nyingine unaorekodi watu wanavyocheza na kuituma rekodi hiyo kwenye seva ya kampuni hiyo, kwa mistari michache, nikaenda kulala.

"Mimi sikusanyi chochote, wanaokusanya ni wale wa takwimu."

Hii ndiyo mama yao. Seva si yangu, msimbo sikuuandika mimi, basi lawama si zangu. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, haiulizi seva ni ya nani. Inauliza ni nani aliyeamua taarifa zikusanywe, kwa lengo gani na kwa njia ipi. Huyo ndiye mkusanyaji. Anayezishughulikia kwa niaba yake ni mchakataji. Wewe uliyeweka kifurushi ili ujue watu wanakwama hatua ya ngapi, umeshakuwa mkusanyaji, na sheria inakutaka ujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kampuni ya takwimu ikianza kuzitumia taarifa hizo kwa shughuli zake yenyewe, nayo inabeba mzigo wake, ila wako haupungui.

Marekani walishalionyesha hili wazi. Juni 2020 tume yao ya biashara, FTC, iliibana HyperBeard, kampuni ya gemu za simu zilizowavutia watoto. Haikudaiwa kwamba iliandika majina ya watoto kwenye daftari lake. Ilidaiwa kwamba iliruhusu mitandao ya matangazo ya watu wengine kukusanya vitambulisho vya kudumu, yaani alama za kuitambua simu ileile kila inaporudi, vya watoto wa chini ya miaka 13 bila wazazi kujulishwa wala kukubali. Adhabu iliyotajwa ilikuwa dola milioni 4, ikasimamishwa kwa sharti la kulipa dola 150,000 kwa kuwa kampuni haikuwa na uwezo wa kulipa zote. Mgeni aliingia kwa mlango wa mwenye nyumba, akaulizwa mwenye nyumba.

"Hatuombi jina wala namba ya simu, kwa hiyo hakuna taarifa binafsi."

Hapa ndipo gemu iliponiumbua. Wakati wa majaribio nilikuwa na wachezaji wachache, wote wakionekana kwenye dashibodi, ukurasa wa kuangalizia takwimu, kama mkururo wa herufi na tarakimu. Mmoja alikuwa anatumia simu ya zamani ya aina ambayo siku hizi huioni mtaani. Alianza kucheza kila siku baada ya saa kumi na moja jioni, akakoma ghafla kabla ya saa mbili usiku, na Jumapili asubuhi hakuonekana kabisa. Alikuwa amekwama hatua ya tisa. Dashibodi ilidai yuko Dar es Salaam, kama mitandao yetu ya simu inavyopenda kusema hata ukiwa umekaa Tengeru. Mimi nilijua yuko Moshi, Pasua, nyumbani kwa dada yangu: ni mpwa wangu, anacheza kwa simu ya mama yake akitoka shule, na juzi tu alinipigia kulalamika kuhusu hatua ya tisa.

Sikuwa nimemtafuta, wala jina lake halikuwemo popote. Kwenye sheria yetu, namba, alama au kitu kingine chochote cha kumtambulisha mtu ni taarifa binafsi, na mkururo ule wa herufi umo. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchambuzi wa mienendo ya watumiaji wa simu milioni 1.5, wakaonyesha kuwa nukta 4 tu za mahali na wakati zilitosha kumtofautisha mtu na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu hao. Mimi nilikuwa na nukta nyingi kuliko hizo, na wachezaji wasiojaza kifodi.

"Mchezaji akibonyeza 'Nakubali', mambo yamekwisha."

Nami nilikuwa na kitufe hicho, cha kijani, kizuri. Siku nilipopitisha mawasiliano ya simu kwenye proksi, programu inayokaa katikati ya simu na mtandao, ili nione kinachotoka, nikakuta kitambulisho cha matangazo, aina ya simu na lugha vimeshaondoka kabla hata picha ya kwanza ya gemu haijatokea. Kitufe kilikuwa pambo. Vifurushi vingi huanza kazi programu inapofunguka, usipovizuia. Kwa Firebase ya Google, kwa mfano, unaandika kwenye manifesti, faili la programu linalotaja ruhusa na mipangilio yake, kwamba `firebase_analytics_collection_enabled` ni `false`, kisha unawasha kwa msimbo baada ya ridhaa. Kitambulisho cha matangazo nacho kina ruhusa yake, `AD_ID`, ambayo kifurushi kinaweza kukuingizia kimyakimya. Fungua manifesti ya mwisho iliyounganishwa, uiangalie kwa macho yako.

Halafu kuna swali la nani anabonyeza. Kwetu simu ya mama ni simu ya nyumba nzima. Sheria yetu inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, na ridhaa ya mtoto hutolewa na mzazi au mlezi. Gemu yenye katuni na honi za kifodi haiwezi kujifanya imelengwa kwa watu wazima kwa sababu tu umeandika "18+" chini kabisa. Swali la mwaka wa kuzaliwa liulizwe mwanzo, bila kumwelekeza mtoto jibu la kumpitisha.

"Sera ya faragha ipo."

Ipo, umeinakili kwa mwingine, na inataja duka la viatu. Fomu ya usalama wa data ya Google Play inataka utaje pia kile kinachokusanywa na vifurushi vya watu wengine. Ukijaza "hakuna" huku proksi inaonyesha mengine, umesema uongo kwa maandishi.

"Sheria za Ulaya haziwahusu machalii wa Arusha."

Gemu ikishakuwa dukani, mtu wa Ujerumani anaipakua sawasawa na wa Ngarenaro. GDPR, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika Mei 25, 2018, inamfuata hata mtu aliye nje ya Umoja wa Ulaya, ikiwa anawauzia au anawapa huduma watu walio huko, au anafuatilia mienendo yao. Kuwepo tu dukani peke yake si kuwalenga. Ila ukishatafsiri gemu kwa Kijerumani na kuweka bei kwa yuro, sioni utajitetea vipi. Ufaransa, Desemba 2022, CNIL, mamlaka ya huko ya kulinda taarifa binafsi, iliitoza Voodoo, kampuni kubwa ya gemu za simu, yuro milioni 3: mchezaji wa iPhone alikuwa anakataa kufuatiliwa, nayo ikaendelea kusoma kitambulisho kingine cha simu kwa ajili ya matangazo bila ridhaa yake. Na kwa upande wetu, seva ya takwimu ikiwa ng'ambo, huko ni kusafirisha taarifa nje ya nchi, jambo ambalo sheria ya Tanzania inaliwekea masharti.

"Akitaka taarifa zake zifutwe, nitafuta akaunti."

Akaunti iko kwako. Matukio yake yote yako kwa kampuni ya takwimu, na huko hakuna atakayejua kuwa umefuta hadi uwaambie. Uliza namna ya kufuta kabla hujaweka kifurushi. Kampuni niliyokuwa nayo ilinijibu baada ya wiki tatu, kwa barua ya moja kwa moja inayonishukuru kwa uvumilivu.

Nikakitoa kifurushi chao. Gemu ya konda sasa inatuma matukio matatu kwenye seva ndogo ninayoiendesha mwenyewe: hatua imeanza, hatua imeisha, programu imekwama. Anwani ya IP haihifadhiwi, na muda unaandikwa kwa siku, si kwa dakika. Mpwa wangu ameshavuka hatua ya tisa. Nimejua kwa sababu alinipigia simu.