Mwanafunzi, mdoli na sweta lako: kuhusu kusikilizwa kifua

Tangu baridi ya Juni ianze hapa Mbeya, tunapokea lalamiko lilelile: wagonjwa wanasikilizwa kifua na wanafunzi wa tiba "waliojifunzia kwenye mdoli", yaani sanamu ya mtu ya kufundishia. Ni kweli, wamejifunzia huko, na ndivyo tunavyotaka.

Mdoli huo una spika ndogo kifuani, mgongoni na tumboni. Mkufunzi akichagua kwenye kompyuta, mwanafunzi anasikia pafu lenye nimonia, mluzi wa pumu au moyo wenye vali (kilango cha damu cha moyo) inayovuja. Wodini, mgonjwa mwenye vali ya namna hiyo anaweza asipatikane wiki nzima. Akipatikana, si haki wanafunzi kumi wampangie foleni huku anahema. Mdoli hachoki. Wala si jambo geni: mdoli wa moyo uitwao Harvey ulionyeshwa Marekani mwaka 1968.

Kwa utaratibu wetu, kila sauti ambayo mwanafunzi ameitambua husainiwa na mkufunzi katika daftari lake, si na mwanafunzi mwenzake. Asiyekamilisha saini haendi wodini. Anayeghushi hupelekwa kamati ya nidhamu na anaweza kusimamishwa masomo. Akifika wodini husikiliza mbele ya msimamizi, kisha msimamizi husikiliza tena. Kusikilizwa mara mbili hakuna maana kwamba una ugonjwa mkubwa.

Kuhusu sweta: baridi ya Uyole, hapa Mbeya, tunaijua. Lakini nguo ikisuguana na stetoskopu, kifaa cha kusikilizia kifua, hutoa mchakacho unaoweza kudhaniwa ni wa nimonia, na sweta zito humeza sauti hafifu. Unakataa kupandisha nguo, halafu unalalamika hukupimwa vizuri, hapo tukusaidieje? Omba pazia. Omba ndugu yako awepo. Mwambie mwanafunzi apashe kichwa cha stetoskopu kiganjani kwanza. Hata kumkataa mwanafunzi ni haki yako, na matibabu yako hayatabadilika.

Tena, stetoskopu haipimi malaria wala sukari. Anayesema "amenisikiliza, basi sina ugonjwa" anakosea.

Kwa mtoto mwenye kikohozi, tunahesabu pia pumzi kwa dakika nzima. Kuanzia miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Kuanzia mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, ni 40 au zaidi. Akipumua haraka hivyo, mlete siku hiyohiyo. Tukiwa tunahesabu, mama, usimnyonyeshe wala usimbembeleze kwa kumrusharusha. Akilia tutasubiri anyamaze, tuanze upya.